Njoo Kesho

Chuma kikipasuka ndani ya mafuta hakipigi kelele. Kinasema tik, mara moja tu, kama saa ya ukutani iliyo chumba cha pili. Asiyeizoea kazi hii hataisikia, maana mafuta nayo yanatokota na moshi unamjia usoni. Mimi niliisikia tarehe 21 Desemba, saa kumi jioni, nikiwa nimeshika kwenye koleo kisu cha mzee mmoja wa Marangu aliyetaka kukitumia tarehe 24. Nilikitoa, nikakipangusa kwa gunia, nikakiinua kwenye mwanga wa dirisha. Ufa mwembamba kuliko unywele ulikuwa umeanzia kwenye makali, ukapanda upana wa vidole viwili kuelekea mgongoni.

Saa moja usiku simu ikaita.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, kijana wangu. Kisu changu kimefikia wapi?"

"Kimebaki kidogo tu, baba. Njoo kesho."

Sidhani kama yupo msomaji wa Kiswahili ambaye hajaambiwa maneno hayo. Fundi cherehani ameyasema na gauni la arusi bado ni vipande juu ya meza. Seremala ameyasema na mbao hajanunua. Tumeyazoea hata tumejifunza kuyakwepa kwa hila: ukitaka suti ya Jumamosi, unamwambia fundi arusi ni Alhamisi. Mimi nilikuwa nimefua visu vya kuagizwa kwa miaka mingi kabla ya Desemba ile, na nilijihesabu fundi mwaminifu kwa sababu sikuwahi kumuuzia mtu chuma kibovu nikijua. Neno "kesho" sikulihesabu kuwa sehemu ya kazi. Nililiona kama adabu tu, namna ya kumtuliza mtu mzima asilale na kinyongo. Nataka kulitazama neno hilo kwa karibu, na siwezi kulitazama bila kueleza kwanza kisu cha kuagizwa ni kitu gani.

Kibanda changu kiko Moshi. Fuawe langu ni kipande cha reli kilichosimikwa kwenye gogo, kama lilivyo la wafua chuma wengi wa mji huu, mji uliofikiwa na reli kutoka Tanga mwaka 1911. Kusini-mashariki yangu, ukivuka tambarare, inasimama milima ya Upare, na mfua chuma yeyote wa upande huu akiitazama milima ile anapaswa kuinamisha kichwa. Huko Ugweno waliishi Washana, ukoo wa wafua chuma, na masimulizi aliyoyakusanya mwanahistoria Isaria Kimambo katika kitabu chake cha mwaka 1969 yanasema kwamba kabla ya Wasuya kushika utawala, Washana ndio waliokuwa watawala. Aliyeshika nyundo alishika pia kiti. Lakini geuza uso magharibi, kwa Wamaasai, utakuta habari nyingine kabisa. Kule wafua chuma waliitwa Ilkunono, walitengwa, hawakuoa wala kuolewa na wengine. A. C. Hollis aliandika mwaka 1905 kwamba Mmaasai akitaka kushika sime au mkuki uliokuwa mikononi mwa mfua chuma, hupaka kwanza mafuta kiganja chake, ili uchafu wa yule fundi usimpate.

Nimeyafikiria sana mafuta yale. Mtu anaihitaji kazi yako kuliko anavyohitaji chakula cha siku, ataitundika kiunoni hadi kufa kwake, na bado hataki mkono wako uguse wake. Siku hizi hakuna anayejipaka mafuta mlangoni kwangu. Lakini umbali ule upo, na nadhani upo kati ya kila fundi na kila mteja. Mteja anakuja na hitaji ambalo hana jina lake. Fundi ana chuma, ambacho hakijui hitaji hilo. Katikati yao kuna maneno peke yake, na kama maneno hayo ni ya ovyo, hata moto ukiwa mzuri namna gani hautayatengeneza.

Wengi huja na picha kwenye simu. Kisu kinang'aa, kina mawimbi kwenye bapa kama maji ya ziwa, mpini una rangi tatu. "Nataka hiki, fundi." Mimi siichukui simu. Ninauliza: utakata nini? Utakata ukiwa umesimama au umekaa kwenye kigoda? Ubao wako uko juu ya meza au juu ya magoti? Nani atakinoa? Wapo wanaoudhika kwa maswali haya, maana walikuja kununua, wanajikuta wanahojiwa. Mama mmoja anayekaanga na kuuza perege wa Bwawa la Nyumba ya Mungu alikuja na picha ya kisu cha mpishi wa hoteli, kipana, chenye tumbo kubwa. Nilimwomba aniletee kisu anachotumia. Akacheka, akasema hicho ni cha kutupa. Kesho yake alikileta kwenye mfuko wa nailoni.

Kilikuwa kisu cha dukani cha bei ndogo, ila miaka ya kunolewa kwenye ukingo wa ngazi ya saruji ilikuwa imekila mpaka kikabaki chembamba kama jani la mhindi. Ncha ilikuwa imepinda kidogo kuelekea juu. Mgongo wake, karibu na mpini, ulikuwa umekwaruzwa ukawa na meno madogo madogo. Nilimwuliza meno yale ya nini. Akachukua samaki wa kufikirika mkononi, akanionyesha: anageuza kisu, anaparuza magamba kwa mgongo, anakigeuza tena, ncha inaingia chini ya mkundu wa samaki na kupanda hadi kooni bila kupasua nyongo, halafu kidole cha shahada kinashuka juu ya bapa, na mashavu ya samaki yanatoka kwa mkato mmoja. Alifanya hivyo kwa mkono wa kushoto. Picha kwenye simu haikujua lolote kati ya hayo. Kisu kile kibovu kilijua yote, kwa kuwa mkono wake ulikuwa umekichonga kidogo kidogo kwa miaka bila yeye mwenyewe kutambua. Nilimfulia chenye makali ya sentimeta kumi na mbili, chembamba, chenye mgongo uliotiwa meno kwa tupa, na ncha iliyopinda juu. Alipokishika hakusema neno. Alikigeuza, akaparuza hewa kwa mgongo, akakigeuza tena.

Kwa mpini nina njia yangu. Ninachukua kipande cha sabuni ya mche, ile ya kufulia, ninakichonga umbo la mpini kwa kukadiria, ninakilowesha kidogo na kumpa mteja. "Shika kana kwamba unakata." Nasubiri. Akikaza mkono, vidole vinazama kwenye sabuni na kuacha vitanda vyake: hapa kidole gumba, hapa kidole cha mwisho kilichokuwa kinakosa pa kukaa kwenye mpini wa dukani. Anakwenda nayo nyumbani siku tatu, anarudi nayo. Sabuni ile inaniambia mambo ambayo mteja hawezi kuyasema. Mchinjaji mmoja aliniambia anashika kisu kwa nguvu zote. Sabuni ilionyesha anakishika kwa vidole vitatu, vile viwili vya mwisho vimelegea kama vya mtu anayeshika kalamu. Basi mpini wake niliufanya mwembamba kuelekea mwisho. Mpaka leo hajui kwa nini haumchoshi.

Wateja wangu rahisi kuliko wote ni vijana wa Kimaasai wanaotaka sime. Hawana picha. Sime ina umbo lake toka zamani: makali pande zote mbili, nyembamba karibu na mpini, inapanuka kuelekea mbele kisha inakuja ncha ghafla, ili uzito uwe mbele na pigo lijimalizie lenyewe. Kijana anaiweka juu ya kidole kimoja kuona inalala wapi, anaitikisa mara mbili, anasema "bado" au "sawa". Akisema "bado" ninajua ni gramu chache za kuondoa na mahali pa kuziondoa. Hatuna mazungumzo mengi kwa sababu mazungumzo yalikwisha kufanywa na mababu zake na wale Ilkunono walioogopwa. Nikimpa, ninaitanguliza upande wa mpini. Kila mara nautazama mkono wake unapopokea, na kila mara ni mkavu.

Sasa chuma. Ninatumia springi za gari, zile za bapa zinazolala chini ya Land Rover na malori. Ni chuma kizuri mno: kina kaboni kiasi cha asilimia 0.6 na kromi kidogo, kimeumbwa kupinda mara elfu na kurudi. Ila springi iliyokwisha kubeba mizigo miaka ishirini kwenye barabara ya mashimo huenda ina nyufa ndani ambazo jicho halizioni. Fundi mwenye muda huipasha moto, huipiga, huitazama, huivunja kipande cha mwisho kuona chembe zake, akiona shaka huitupa pembeni. Fundi asiye na muda huomba Mungu.

Baada ya kukifua na kukichonga umbo, inakuja dakika ambayo ndiyo kazi yenyewe. Unakirudisha motoni mpaka kiwe chekundu cha kukolea, rangi ya embe dodo lililoiva upande wa jua, na unakijaribu kwa sumaku iliyofungwa kwenye waya. Chuma kikifika nyuzi 770 hivi hakishikwi tena na sumaku. Unakipa moto kidogo zaidi ya hapo, unakichovya kwenye mafuta ya alizeti yaliyopashwa kiasi cha kuvumilika na kidole. Mafuta ya baridi hukishtua. Maji hukishtua zaidi. Kikitoka salama ni kigumu kama kioo, tupa inateleza juu yake bila kuuma, na kikianguka sakafuni kinaweza kuvunjika. Kwa hiyo unakituliza: saa mbili kwenye oveni ya nyuzi 200, kinapoa, saa mbili nyingine. Kikishakuwa na rangi ya manjano ya majani makavu ya mpunga, kimekubali. Hapo kina ugumu wa kushika makali na ulaini wa kutovunjika. Ukikosa kimojawapo, ulichonacho ni kipande cha chuma chenye mpini.

Makali nayo yana hesabu yake. Kisu cha kukatia vitunguu na nyanya ninakinoa kwa mwinuko wa nyuzi 15 kila upande. Cha mchinjaji, kinachokutana na mifupa, nyuzi 22 hadi 25. Mteja akitaka kisu kimoja kinyoe ndevu na kipasue goti la ng'ombe, namwambia ukweli kwamba hakipo, awe amekuja na fedha kiasi gani. Wapo wanaotoka hapo kwenda kwa fundi mwingine atakayewaambia kipo. Siwasemi vibaya. Wanarudi, na wakirudi ninawanolea.

Juu ya bei sina maneno mengi. Mtu anajua kwamba kisu cha dukani kinauzwa shilingi elfu chache, na changu kinazidi hapo mara nyingi. Anasema "punguza, fundi", na ana haki ya kusema. Nimeacha kueleza kwa maneno. Ninampa tupa na kipande cha springi, nasema asugue dakika tano. Baada ya hapo tunaelewana, au hatuelewani kwa heshima.

Ila kuna ombi moja nisilolijadili hata kwa bei. Mara moja moja anakuja mtu mwenye fedha, anasogeza kiti, anateremsha sauti. Anataka mpini wa pembe ya ndovu, au anauliza kama naweza kupata kitu cha faru. Sheria ya wanyamapori ya mwaka 2009 iko wazi, na hilo peke yake lingetosha. Lakini mimi kinachonifunga mdomo ni habari za visu vyenyewe. Yemen, mwanamume hutundika jambia tumboni, na mpini wake husema yeye ni nani. Zamani mpini wa pembe ya faru ulikuwa wa wakubwa wachache. Miaka ya 1970, vita vya ndani vilipokwisha na maelfu ya wanaume walipokwenda kufanya kazi Saudia na kurudi na fedha za mafuta, kila mmoja alitaka mpini wa wakubwa. Pembe zilitoka huku kwetu. Kenya ilikuwa na faru weusi wapatao 20,000 mwaka 1970. Miaka ishirini baadaye hawakufika 500. Yemen ilipiga marufuku kuingiza pembe hizo mwaka 1982, na zikaendelea kuingia kwa magendo. Najua waganga wa Asia nao walikuwa na sehemu yao katika mauaji yale. Hata hivyo nikiwaza juu ya mafundi wa mipini wa mji wa Sanaa, watu wenye mikono mizuri kuliko yangu, kila mmoja akichonga oda yake moja, kila mmoja akijiambia mteja ameagiza na mimi ni fundi tu, nahisi baridi. Mteja mmoja hakumaliza faru. Fundi mmoja hakumaliza faru. Walimalizwa na neno "ndiyo" lililosemwa mara nyingi na watu ambao wangeweza kusema "hapana".

Ninatumia mpingo. Ni mti mzito hata unazama majini, mweusi, hauhitaji rangi, hauogopi damu wala maji ya chumvi. Na wenyewe una deni lake: mti unahitaji miaka 70 hadi 100 kufikia ukubwa wa kuvunwa. Hapa Moshi, mwaka 1996, mtaalamu wa mimea Sebastian Chuwa alianza mradi wa kuuotesha, akaenda shule kwa shule na watoto wakipanda miche. Alifariki mwaka 2014. Miche ile ya mwanzo bado haijafika nusu ya umri wa kuvunwa. Ninapochonga mpini wa sentimeta kumi na moja situpi vumbi kizembe, na vipande vidogo ninavihifadhi kwa ajili ya visu vya matunda. Nikimkabidhi mteja kisu namweleza umri wa kile anachokishika. Wengine huondoka wakikiangalia upya.

Yupo pia niliyemkatalia kwa sababu ndogo kuliko hizo. Kijana alitaka kisu kifupi, chenye makali pande mbili, cha kufichwa kiunoni. Nikauliza swali langu la kwanza: utakata nini? Akatazama chini. Nikasubiri jibu muda mrefu kuliko ninavyosubiri kwa wengine. Hakulitoa, nami sikukifua.

Narudi kwa mzee wa Marangu.

Alikuja Oktoba, amevaa koti, kofia mkononi. Hakuwa na picha. Alisema Desemba watoto wote wanarudi nyumbani, wa Dar es Salaam, wa Mwanza, na mmoja wa nje, na kwamba tarehe 24 atachinja mbuzi na kugawa nyama yeye mwenyewe. Anayejua Uchagani anajua kugawa nyama si kukatakata. Kila kiungo kina mwenyewe, mkubwa na mdogo, wa kike na wa kiume, na kiungo kikikatwa vibaya au kikienda kwa asiyestahili kitakumbukwa kuliko hotuba yoyote. Unafuata maungio. Kisu kinaingia kwenye kifundo, kinazunguka, mguu unaachia bila mfupa kupasuka. Mzee alinionyesha mikono yake. Vifundo vilikuwa vimevimba kwa baridi yabisi. "Hiki nilicho nacho ni kizuri," alisema, "ila mpini unanishinda siku hizi." Sabuni yake ya mche ilikuwa nene kuliko zote nilizowahi kupokea. Vidole havikuzama. Viliegemea tu.

Kisu kile nilikiwazia sana, na hilo ndilo linaloniuma. Nilikijua mpaka mwisho kabla sijakata chuma. Lakini katika daftari langu la Novemba nilikuwa nimekwisha kupokea oda kumi na moja za Desemba, na mikono yangu, nikiamka na jogoo na kulala na bundi, ina uwezo wa visu sita au saba kwa mwezi. Kila aliyekuja nilimwambia "ndiyo, kitakuwa tayari". Nilipenda kusema ndiyo. Nyuso zinachangamka mtu akisikia ndiyo, kianzio kinatoka mfukoni, mke anafurahi. Basi nikachukua springi kuukuu bila kuivunja kipande kuitazama. Nikachonga makali membamba mno kabla ya kukipeleka motoni ili kuokoa saa mbili za kunoa, nikayaacha na mikwaruzo ya grenda ambayo ilipaswa kusuguliwa kwa msasa. Na jioni ile ya tarehe 21 mafuta yalikuwa ya baridi, kwa kuwa jiko la kuyapashia nilikuwa nalo kwenye kazi nyingine.

Chuma kilisema tik tarehe 21 Desemba. Ufa ulianza Novemba, kwenye daftari, nilipoandika jina la saba.

Tarehe 22 nilimwambia tena njoo kesho. Nilikuwa nimeanza kufua kingine usiku, nikiamini kitawahi. Tarehe 23 alipiga asubuhi, nikasema jioni. Jioni sikupokea simu. Ikaita mpaka ikakatika, ikaita tena. Nilikuwa nimesimama kando yake na nyundo mkononi, nikiitazama. Kisu cha pili kilikuwa bado hakijatulizwa motoni na mpini wake haujakatwa. Tarehe 24 hakupiga.

Alikuja wiki ya pili ya Januari, kwa daladala, koti lile lile. Nilikuwa nimekimaliza, kizuri kweli, mpini wa mpingo mnene kama sabuni yake. Nilijiandaa kwa matusi na nilikuwa nimeandaa kurudisha kianzio. Alikaa kwenye benchi, akakishika, akaegemeza vidole, akakaa kimya kidogo. Kisha akasema, bila kupandisha sauti:

"Ungeniambia tarehe 21, ningenoa kile cha zamani."

Alikuwa amegawa nyama kwa kisu cha kuazima cha jirani, butu, kwa sababu cha zamani hakukinoa, kila siku akisadiki cha kwangu kinakuja. Bega la mbuzi lilipasuka. Lilikuwa bega la kaka yake mkubwa. Hakunieleza zaidi, wala sikuuliza. Alinilipa fedha iliyobaki; nilijaribu kuikataa, akaiweka juu ya fuawe. "Kazi umeifanya," alisema. "Meku," yaani mzee kwa Kichagga, "halali na deni."

Wahenga walisema ahadi ni deni, na nilikuwa nimelisikia neno hilo tangu shule ya msingi bila kulielewa. Nilidhani deni lenyewe ni kisu. Kumbe nilimkopa mzee siku tatu za maisha yake, nikazitumia kwa woga wangu wa dakika moja ya aibu kwenye simu, wakati yeye alikuwa na kisu cha zamani ndani na kinoo uani. Angekinoa nusu saa. Mpini ungemshinda kidogo, angepumzika, angeendelea, na bega lingetoka zima. Nilimnyima hilo. Kila "kesho" niliyompa ilimfungia mlango ambao ulikuwa wazi, na mwisho wa siku ya tatu hakuwa na kisu changu wala chake.

Tangu mwaka ule daftari la Desemba lina mistari sita. Imechorwa kwa rula na wino mwekundu, na ikijaa nasema Januari. Wanaoondoka ni wengi; wakati mwingine wanaondoka kwa hasira. Ufa ukitokea, mteja anaambiwa siku hiyo hiyo, kabla jua halijazama, kwa maneno haya haya: kisu chako kimepasuka, ni kosa langu, noa cha zamani, nitakupigia tarehe fulani. Mara ya kwanza kuyasema sauti ilinitetemeka. Mama wa perege ndiye niliyemwambia, kwa kisu chake cha pili. Alijibu, "Haya fundi, asante kwa kuniambia," akarudi kwenye samaki wake. Nilikaa na simu sikioni baada ya yeye kukata.

Kile chenye ufa sikukitupa. Nimekitundika kwa msumari juu ya ndoo ya mafuta, mahali ambapo macho yangu hufika kila ninapochovya chuma. Wateja wakiuliza kwa nini fundi anatundika kisu kibovu, nawasimulia.

Mzee huleta kisu chake kunolewa kila mwaka kabla ya Krismasi. Mwaka jana alikuja tarehe 17 Desemba, saa nne asubuhi, na saa sita kasoro alikuwa stendi na kisu chake ndani ya koti.